Mwaka wa Kadi za Matundu

Siku ile tulikuwa wanne sebuleni kwangu Mtendeni, na nitawataja wote ili asije mtu baadaye akasema Bibi Tausi anajitungia. Nilikuwapo mimi, mwenye nyumba. Alikuwapo Rehema, mjukuu wangu kwa binti yangu wa pili, ndiye anayenipigia chapa haya madaftari yangu. Alikuwapo Idi, fundi simu, Mzaramo aliyepanga chumba changu cha mbele akakigeuza duka. Na alikuwapo Nyamizi, aliyetoka kijijini upande wa Urambo kuja kuangaliwa macho; kila akija mjini hulala kwangu. Hatuna damu moja wala dini moja, yeye ni Mmoraviani na mimi ni Mwislamu, na ukiniuliza ni nani kwangu sina neno la kumwita. Tulijuana mwaka ule wa kuhamia vijijini, sote wawili tukiwa hatujafikia umri wa Rehema wa leo. Tukikaa pamoja huwa hatusemi sana. Tunachambua karanga.

Kilichotukusanya ni simu ya Rehema. Wiki tatu nzima, kila baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa naye nikimtajia majina ya wagonjwa wa kifua tuliowahudumia mwaka ule, kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, naye akiyarekodi. Halafu akaenda harusini kwa shoga yake, simu ikamwambia imejaa, akafuta kile kilichokuwa kirefu kuliko vyote bila kutazama ni nini. Kilikuwa mimi. Alilia sana yule mtoto. Nikamwambia nyamaza, yamo kichwani, lakini moyoni nilikuwa nimechoka, maana kwa umri wangu mtu hasemi jambo moja mara mbili kwa nguvu ileile. Idi akachomoa kwenye simu kadi ya kumbukumbu, kidude cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Ndimo nilimo humu?" nikamuuliza.

"Humo humo, bibi. Wewe, na harusi nzima, na pilau lake."

Nyamizi akatema ganda la karanga. "Mzaramo huyu asikudanganye. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka kwenu pwani kwa miguu, mkawauzia hadi maji ya kunywa. Leo anataka kutuuzia ukucha."

"Mama, babu zenu walilala kwetu bure, wakala mihogo yetu, na sufuria hawajarudisha mpaka leo," Idi akajibu bila kuinua macho, anatafuta waya wake. Nyamizi akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamwambia Idi aache utani, anieleze sauti ya mtu inakaaje ndani ya ukucha. Akaniambia kwamba mle ndani hamna sauti wala picha wala maneno. Mna vijumba, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, mamilioni kwa mamilioni, na kila kijumba ama kimefungiwa umeme kidogo ama ni kitupu. Basi. Kila kijumba kinajua kusema neno moja tu katika mawili, ndiyo au hapana, na ukivipanga kwa foleni ndefu ndivyo vinavyokuwa jina, au ngoma ya harusi. Na ukizima simu ule umeme hautoki, umefungiwa, ndiyo maana hakisahau. "Sasa mtu akifuta," akasema, "watu wanadhani kile kitu kimechomwa moto. Hapana, bibi. Kadi ina orodha yake, inayosema nini kiko wapi. Ukifuta, inakwenda kwenye orodha na kuandika hapa hapana kitu. Lakini kitu chenyewe kipo palepale, kimekaa, hakuna tena anayekwenda kukiangalia. Kinaondoka siku kikiletwa kingine kikaandikwa juu yake."

Nilimtazama Nyamizi, naye alikuwa ananitazama. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Kama yule mzee," akasema.

Hakutaja jina. Tangu tujuane hajalitaja. Idi akachukua kadi yake akaenda kuiunganisha na kompyuta dukani, na kesho yake akaturudishia nusu: sauti yangu inasoma majina mpaka kijiji cha Tano na kidogo cha Sita, halafu ghafla zinaingia tarumbeta. Kijiji cha Saba kilikuwa kimeandikiwa harusi juu yake. Basi hicho cha Saba ndicho ninachokiandika hapa kwa mkono wangu, na nimemwambia Rehema asipunguze.

Kituo chenyewe sikitaji jina, na siku hizi hakipo, pamejengwa maduka. Kilikuwa na vyumba vitatu mstarini na baraza moja refu. Niliingia pale kwa ufagio, nina darasa la nne tu, kazi yangu kufagia na kupika uji wa mtama wa wagonjwa waliotoka mbali. Nilikuwa naugawa kwa kuita jina. Hiyo ilikuwa tabia yangu tu, siwezi kumpa mtu kikombe bila jina lake. Mganga msaidizi wetu, Bwana Elia, mtu mrefu mwenye sweta la kijani hata kwenye jua, akawa anasikiliza dirishani, na siku moja akanitoa jikoni. Chumba cha kati kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza ya mninga, na masanduku ya mbao yamejaa kadi nene za rangi ya maziwa ya mgando. Daktari mmoja mgeni alizileta, akafundisha namna yake, akaondoka. Katikati ya kadi Bwana Elia aliandika namba na jina la mgonjwa. Pembeni, kuzunguka kadi yote, palikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa swali. Hili, anapata sindano? Hili, anapata vidonge? Hili, amemaliza? Hili, anakaa kijiji fulani? Na tundu la mwisho kona ya chini, amefariki? Kama jibu ni hapana unaliacha tundu lilivyo. Kama ni ndiyo unachukua koleo, kama lile la mkaguzi wa tiketi kwenye treni, unakata kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, linabaki pengo kama la jino lililong'olewa.

Ukitaka kujua ni nani wa kijiji fulani husomi kadi hata moja. Unazipanga kadi zote sawasawa, unachomeka sindano ndefu, kama ya kufumia sweta, kwenye tundu la kijiji hicho, unainua. Zenye tundu zima zinaning'inia kwenye sindano. Zenye pengo zinaanguka mezani. Hizo zilizoanguka ndizo zako. Mara ya kwanza niliona kama mazingaombwe. Nilimwuliza Bwana Elia, sasa hii kadi imejuaje? Akasema, "Haijui kitu, Tausi. Wewe ndiye uliyeiambia." Mlio wa zile kadi zikianguka nausikia hata leo, ule mporomoko mwepesi kama majani ya muhogo yakidondoshwa kwenye kinu. Nilikuwa na mkono mzuri. Kila mwezi kabla gari la dawa halijatoka, kwanza nachomeka tundu la waliofariki, wanaoanguka nawaweka kwenye sanduku lao lenye kifuniko, halafu nachomeka kijiji kwa kijiji, Bwana Elia ananakili orodha, dawa zinafungwa kwa orodha hiyo. Asiyekuwa kwenye orodha hana dawa. Lakini niseme ukweli, mimi moyoni nilizidharau zile kadi. Nilijiona nazishinda. Zilikuwa zinajua ndiyo na hapana tu, mimi nilijua huyu ana mtoto kiwete, huyu hali kisamvu, huyu alimkimbia mume Bukene.

Mwaka ule kila kitu kilihama. Watu waliokuwa wamekaa mbalimbali porini, kila ukoo na boma lake, waliambiwa waje kando ya barabara kwenye vijiji vipya, na vijiji vingine havikuwa hata na jina, vilikuwa na namba. Wengine walikwenda kwa ngoma. Wengine walikwenda baada ya paa kuondolewa. Sisi kwetu ilikuwa na maana kwamba kila kadi ilisema uongo, na pengo likishakatwa halirudi kuwa tundu. Tulinakili kadi zote upya, miezi miwili, mimi na Bwana Elia, tunakula michembe, vile viazi vitamu vikavu, na chai ya rangi mezani palepale. Yeye anasoma namba, mimi namwambia huyu kahamia wapi, maana wagonjwa walikuwa wananieleza kwenye uji. Hakuna aliyepotea. Bwana Elia alisema mbele ya watu barazani, "Huyu Tausi ndiye kabati letu." Nililala na lile neno wiki nzima. Sasa ninapolikumbuka naona haya, kama mtu aliyebeba ndoo iliyokwisha kumwagika.

Nyamizi alikuja mwanzoni mwa mvua. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu, mimba kubwa, ametembea na kupanda lori la tumbaku. Nyumbani kwao kulikuwa na wagonjwa wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: Mzee Mihambo, mkubwa, baba wa mume wake, na Mzee Maganga, mdogo wake. Wote walikuwa wagonjwa wangu wa uji. Mzee Mihambo ndiye aliyekuwa hoi zaidi, ndiye aliyekataa kuhama mpaka paa lilipoondolewa yeye yumo ndani, na walipofika kijiji cha Saba walinyeshewa siku nyingi kwenye kibanda kisichoezekwa. Nyamizi alichuchumaa mlangoni kama wanavyosalimu kwao, akaamkia, "Mwangaluka," akatoa mfukoni mwa kitenge pakiti ya vidonge vilivyobaki, maana tulikuwa tumewaambia mgonjwa akifa dawa zirudishwe.

"Mzee wetu katutoka," akasema.

"Poleni sana. Baba mkwe?"

"Ndiyo, baba mkwe."

"Mzee Mihambo?"

Hapo akainamisha kichwa, akavuta kanga usoni, akanyamaza. Nikampa uji, nikaingia chumba cha kati, nikatafuta kadi ya Mihambo, nikakata kona ya chini. Kap. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo. Mimi mtu wa mjini nilifahamu baba mkwe ni mmoja, baba wa mume. Sikujua, au nilijua nikasahau kwa haraka, kwamba kwa Wanyamwezi ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe, na kwamba mke wa nyumba ile hawezi kutamka jina la yeyote kati yao, wala kulijibu mbele ya mtu likitamkwa, si ndiyo wala si hapana. Kuinama kwake kulikuwa heshima. Mimi nilikusoma kuwa ndiyo. Na pakiti aliyonipa ilikuwa na namba ya kadi, imeandikwa kwa wino wa Bwana Elia mwenyewe. Namba ya Maganga. Sikuitazama. Ya nini kutazama, na mimi najua?

Yaliyotokea kijiji cha Saba sikuyaona, niliyasikia baadaye kwa Nyamizi, na amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba nayaona. Gari la dawa linafika, mtumishi anasimama na orodha, anaita. Anaita "Maganga!" Watu wanatazamana. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kasubi, anasema huyo amefariki. Mtumishi anasema, "Mimi nasoma kilichoandikwa mjini," anaiweka pakiti pembeni, anaendelea. Mzee Mihambo amekaa kwenye kigoda chake, fimbo magotini, anangoja jina lake. Orodha inaisha. Gari linaondoka. Mwezi wa pili vilevile. Mwezi wa tatu mwanawe alitaka kuuliza, mzee akamkataza. Alikuwa amekwisha kujipa jibu: nilikataa kuhama, basi wamenikata dawa. Na wanakijiji nao wakawa wanalisema hilo chini chini wakitwanga, wakilima, kwamba waliokuwa wabishi wameandikwa mahali, na wawili katika hao wabishi, mtu na mkewe, wakaacha kabisa kuja kuchukua dawa zao wasije wakaonekana. Nyamizi alimshauri mume wake amwambie mzee atumie zile za Maganga zinazoletwa bure. Mzee akasema, "Nimeze dawa za marehemu? Nimwambie nini nikimkuta?" Akawa anakohoa.

Nyamizi alijifungua, na mtoto alipofika miezi miwili akamleta mjini kliniki, akapita kunisalimu. Nakumbuka siku hiyo nilikuwa na mlenda jikoni na ugali wa muhogo. Nilikuwa na furaha. Nikambeba mtoto, nikamwuliza kwa utani, "Na yule Mzee Maganga wenu ana nini? Miezi yote hii anaitwa hatokei. Amechoka na vidonge vyetu?"

Nyamizi akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Dada, unataka nikuletee maiti? Si nilikuja mwenyewe kukwambia katutoka?"

Nilimrudishia mtoto wake. "Na Mzee Mihambo?"

Akainama tena, akavuta kanga. Lakini safari hii alisema kutoka ndani ya kanga, "Yule mwingine yuko nyumbani anatema damu. Mmemnyima dawa."

Bwana Elia nilimkuta anakunywa chai. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alifungua sanduku lenye kifuniko, akaitoa kadi, akalitazama lile pengo, akaitazama na pakiti ambayo ilikuwa bado kabatini. Hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alisema kwamba hesabu ya waliokufa ilikwisha kupelekwa ofisi ya wakubwa, na kwamba ofisi ikisikia tumemwandika mtu hai kuwa marehemu, na mwaka wenyewe huu wa kuhamisha watu, hakuna atakayesema ni makosa ya neno baba mkwe. Tutafukuzwa wote wawili. Akafikiri. "Tutamwandikia kadi mpya. Jina jingine. Mgonjwa mpya. Dawa atapata, na wewe utabaki, na mimi nitabaki." Nami nikasema ndiyo, Bwana Elia. Naliandika hili wazi kwa kuwa wajukuu zangu hunisifu kwa yaliyofuata. Nilisema ndiyo haraka sana.

Tulipanda treni ya Kigoma mpaka Urambo na sanduku la sindano, na kutoka pale alinipakia nyuma ya baiskeli ya rafiki yake, matope mpaka magotini, msitu wote unanuka uyoga. Kijiji cha Saba kilikuwa nyumba zimepangwa mistari miwili kama meno. Mzee Mihambo alikuwa amelala nje kwenye mkeka, amekonda, mabega yamebaki kama hanga la nguo. Nilipiga magoti. "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba, binti wa uji." Alinikumbuka. Bwana Elia akaanza kumweleza habari ya kadi mpya na lile jina jingine, kwa sauti ya chini, kwa adabu nyingi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Yule Mihambo wa zamani ana nini?" akauliza.

Nikasema mimi, "Baba, uliandikwa umekufa."

"Nani kaniandika?"

"Mimi."

Alikohoa, tukangoja. Kisha akanyoosha mkono. "Nionyeshe nilipokufa."

Nikaitoa kadi kwenye mkoba. Nikamwonyesha kona. Akaingiza ukucha kwenye lile pengo, akaupitisha mara mbili tatu, kama mtu anayepima makali ya kisu. "Padogo," akasema. Mwanawe akaangua kicheko cha ghafla, halafu akafunika mdomo, akaondoka kwenda nyuma ya nyumba.

Mzee akasema jina jingine halitaki. Aliandikwa kwetu kwa jina lake alipokuwa bado anaweza kutembea mpaka mjini, na hafi kwa jina la mtu. Bwana Elia akambembeleza: mzee wangu, meza dawa kwanza, jina litakuja. Akatikisa kichwa. "Hapa watu wanasema nimekatwa kwa sababu ya nyumba yangu. Wawili wameacha dawa kwa ajili hiyo, mtu na mkewe, na yule mke ana mtoto anayenyonya. Nikimeza kwa siri kwa jina la uongo, wale wataendelea kuogopa. Aliyekata aseme mbele yao. Hapo nitatoa mkono wangu mchome." Kisha akalala ubavu, akatupa mgongo. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na mimi ambaye sasa nimefika kwenye uchovu kama ule naujua ulivyo: mtu hana nguvu ya kubishana, amebakiza moja tu la kushikilia.

Bwana Elia alinivuta pembeni. "Ukisema, tumekwisha." Nikamwambia, "Na nisiposema?" Akaenda akachutama kwenye baiskeli anakagua tairi ambalo halikuwa na kitu. Bwana Kasubi akagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, watu wakatoka mashambani na majembe yao, jua la saa sita, wakasimama. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu zaidi ya kuita majina ya uji. Nikasema, "Aliyemkata Mzee Mihambo ni mimi, Tausi. Siyo serikali, siyo mwenyekiti, siyo kwa ajili ya nyumba. Nilipata habari ya msiba, nikadhani najua ni wa nani, nikakata kadi ya mtu aliye hai." Mama mmoja akasema kwa sauti, "Na huko mjini nani alikwambia kafa?" Nyamizi alikuwa nyuma kabisa, mtoto mgongoni, macho chini. Niliona mume wake anageuka kumtafuta.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilijiambia mwenyewe."

Na ndiyo ilikuwa kweli, ukiitazama. Watu wakaguna, wengine wakacheka, mmoja akasema wasomi wa mjini wanaua watu kwa karatasi. Nikasema mimi si msomi, nina darasa la nne, wakacheka zaidi. Lakini yule mama mwenye mtoto anayenyonya alibaki wakati wengine wakirudi shambani, akamwuliza Bwana Elia kama dawa zake bado zipo. Zilikuwapo. Mzee Mihambo akatoa mkono. Jioni Nyamizi alitupikia ugali kwa nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga, akaniwekea mbele yangu, akanishika kifundo cha mkono kidogo tu, akasema "wabeja," ndiyo asante ya kwao, basi.

Pengo la kadi Bwana Elia alilifunga mwenyewe kwa kipande cha bahasha chenye gundi, akatoboa tundu upya. Kila mwezi niliinua sindano nikiogopa kwamba gundi itaachia. Ofisi ilisikia, ndiyo, hayakupita hata majuma sita. Bwana Elia alihamishwa mbali na sikumwona tena, na miaka mingi baadaye nilisikia amezikwa kwao. Mimi nilirudishwa kwenye ufagio na uji, koleo akapewa mwingine. Walioacha dawa walirudi wote wawili, na yule mtoto aliyekuwa ananyonya nasikia ni mwalimu. Mzee Mihambo alipata nafuu kidogo, akawa anakaa kwenye kigoda tena, akala mahindi mabichi ya mwaka ule. Wakati wa mavuno akafa. Nyamizi alikuja mwenyewe. Aliiweka pakiti mkononi mwangu na kuniwekea kidole juu ya namba, akakishikilia pale mpaka aliponiona nimeisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Yule mwenye koleo hakuwapo siku hiyo, wakaniambia Tausi, tusaidie hii moja. Nikaenda kwenye sanduku. Hapakuwa na cha kukata. Nilibandua kile kipande cha bahasha, kikatoka chepesi, na chini yake pengo langu lilikuwa palepale.

Kama miezi ile mitatu ndiyo iliyomuua, sijui. Bwana Elia kabla hajaondoka aliniambia mapafu yale yalikuwa yameisha tangu mwanzo, lakini Bwana Elia alikuwa mtu wa huruma na neno lake silitegemei. Nimemwuliza Nyamizi juzi, tukiwa na ungo wetu katikati, kama ananilaumu. Akasema, "Nilisikia unataja, nikajua si yeye. Ningeweza kutikisa kichwa." Akaendelea kuchambua. "Sikutikisa." Hakuna mwingine aliye hai wa kutuhukumu, na sisi hatuwezi, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma.

Basi wewe unayesoma, kama ni wa ukoo wa Mihambo, au wa Maganga, au mzazi wako alihamia kijiji cha Saba mwaka ule na alikuwa na habari nyingine, njoo Mtendeni uulize nyumba ya Bibi Tausi. Huenda nimekosea jina, au nani alitangulia kufa, au nilijisifu mahali nisipostahili. Usiniogope kwa sababu ya mvi, wala usiniinamie kichwa kwa heshima. Kama sivyo, nitazame usoni uniambie sivyo.